Hodi ya Saa Nne Usiku

Mchana damu haisemi kitu.
Ndivyo tulivyofundishwa zahanati ya Mtonya,
mimi, Shaweji, na Asumini wa kwa Nampunju:
vijidudu vya matende hujilaza mapafuni kutwa,
kama wageni wasiotaka kuulizwa wametoka wapi,
hadi saa nne usiku, mbu wakishaanza zamu,
ndipo navyo hutoka kuzurura vidoleni.
Ukitaka kuvijua, nenda usiku.

Nenda wewe, basi.
Nenda ukabishe hodi Mikindani gizani,
na kasha la vioo, na visindano, na pamba,
useme: Shikamoo, tumekuja kuomba damu.

Nyumba ya kwanza walizima taa.
Ya pili, mama alisema mumewe yuko Nanyamba, kwenye korosho,
na mume akakohoa chumbani.
Ya tatu, mtoto akapiga yowe: Mumiani!
Neno likatutangulia mtaa mzima,
likaruka nyua za makuti upesi kuliko miguu yetu,
hata mbwa wakaliitikia.

Shaweji alicheka mpaka akachutama.
Asumini hakucheka. Alikaa barazani pa watu,
akawasha tochi ya simu, akajichoma kidole chake mwenyewe,
akaipaka damu kwenye kioo, duara, kama shilingi,
akauliza: Mmeona wapi mumiani anayejinyonya?
Mlango ukafunguka kiasi cha jicho.
Kisha kiasi cha mkono.
Nyumba ya tano, vilevile. Ya saba, vilevile.
Kufikia ya kumi na moja mkono wake wa kushoto
haukuwa na kidole kilichobaki.
Shaweji akatoa chake, nami changu,
na kesho yake sikuweza kukanda unga bila kuuma meno.

Zahanati, nyuma ya mlango, kuna ramani ya dunia.
Nchi zenye ugonjwa huu zimepakwa wekundu;
sisi ni wekundu.
Malawi, hapo tu, ng'ambo ya ziwa,
mtu ameipaka kijani kwa kalamu, akatoka nje kidogo ya mpaka.
Mimi huiangalia nikisubiri funguo.
Nani alibisha hodi kule?
Msichana gani alikimbizwa na mbwa,
akapoteza ndala moja, akarudi na ile nyingine mkononi,
ndipo nchi nzima ikabadilika rangi?
Sitamjua. Wala yeye hajui
kwamba leo nimevaa raba, nimezifunga kamba mara mbili.

Saa saba na nusu tulifika kwa mjomba.
Nilitaka tuipite ile nyumba.
Mjomba Mnonjela ndiye aliyeuza magunia mawili ya korosho
nikamaliza kidato cha nne,
na ni mwaka wa sita sasa hajaonekana harusini,
wala msikitini ila safu ya nyuma, ukutani,
shuka mbili kiunoni hata jua likiwa kali,
na watoto wanajua kwa nini, na watoto hawana dogo.
Huku kwetu mjomba humtazami chini ya kifua.
Sasa wewe mpwa, na mwanamke, na kisindano?

Hatukubisha. Alikuwa nje tayari,
kaketi juu ya kinu kilichopinduliwa,
taa haikuwashwa.
Alinyoosha mkono, uso kaugeuzia kwenye mihogo.

"Andika jina la mtu mwingine," alisema.
"Hatuandiki majina, mjomba. Namba tu."
Akanyamaza. Mbu akalia sikioni mwangu,
na kwa mara ya kwanza sikumpiga.
"Na hiyo namba," akauliza, "inafika wapi?"
Nikafikiria ile kalamu ya kijani, ilivyovuka mpaka.
"Mbali," nikasema.
"Na Ligula? Nasikia Ligula wanapasua."
"Wanapasua. Nitakupeleka. Alfajiri, kabla watu hawajaamka."
"Saa mbili," alisema. "Watu wakiwa macho."

Damu yake ilitoka polepole, nyeusi chini ya tochi.
Nikaandika sitini na moja.
Shaweji alikuwa keshavuka barabara.
Upande ule, mbwa walikuwa wameanza.